Mkono wa Kulia wa Orpha

Majira yote ya baridi, Orpha Tuttle alikaa jikoni kwake Vermont, Marekani, akisogeza vikopo vya chumvi na pilipili mezani kana kwamba ni wachezaji, akitunga dansi ya safu mbili. Alitaka mkono unaoachwa huru na hatua moja uwe ndio unaotakiwa na hatua inayofuata, mchezaji ateleze tu bila kufikiri. Alipomaliza, akampa Lyndon kadi yenye hatua zake; yeye ndiye mwita hatua wa ukumbi wa kijiji, anayewatangazia wachezaji la kufanya. Desturi ya waita hatua ni moja: dansi aliyoitunga mwenzio iite bure, ila mtaje jina.

Jumamosi Lyndon akapanda jukwaani, macho makavu. "Hii nimeitunga mwenyewe!"

Orpha akaingia safuni. Katikati ya dansi akatoa mkono wa kulia, kama alivyotunga. Wenzake wakatoa wa kushoto, mabega yakagongana. Lyndon alikuwa amebadilisha hatua moja, akaiharibu dansi.

"Wa kushoto, Bi Orpha!" akaita kwenye kipaza sauti. "Kama huiwezi, si ukae, mama?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Merle, mumewe, aliyesogeza naye vikopo vile majira mazima, alicheka.