Kabla ya Chafya

Nina msimamo mkali juu ya ikoni, zile picha ndogo za mraba ambazo mashabiki wa tamthilia huziweka kwenye simu badala ya sura zao. Ikoni yangu haina maneno. Haina maua wala nyota za kumeta, na fremu ndiyo nisiyoipenda kabisa. Nasimamisha tamthilia pale mwigizaji anapomaliza kusema na bado hajageuka, napiga picha ya skrini, halafu nakata: paji la uso kidogo, macho, kidevu, basi. Upande anaoutazama nauacha wazi, maana mtu anayetazama lazima awe na mahali pa kutazama. Rangi nazipunguza mpaka zitulie. Mashabiki wenzangu wengi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hawaipendi kazi hiyo. Wanataka mioyo ya waridi na nyuso zinazong'aa kama sufuria mpya. Nawatengenezea, lakini kwa kununa.

Riziki yangu inatoka kwenye picha za pasipoti, ninazopiga katika kibanda karibu na soko. Kwenye baraza ya kibanda hicho anashona jirani yangu, mwanamke kutoka Sudan Kusini. Mimi ni Mnubi wa hapahapa, babu wa babu yangu alikuja na jeshi. Yeye alikuja na begi. Tunazungumza Kiswahili chetu cha huku, na kikikwama tunaingia kwenye Kiarabu, yeye cha Juba, mimi cha nyumbani, na kila mmoja anamcheka mwenzake.

Kilichotufanya marafiki hasa ni tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa, ile ya bibi harusi na mama mkwe mwenye mashamba. Inarudiwa kila mwaka na sisi tunaiangalia kila mwaka. Kumbe kwao pia, kabla vita havijawafukuza, yeye na mdogo wake walikuwa hawaikosi.

Huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa donda lake. Walikimbia pamoja hadi Koboko, karibu na mpaka, na pale Koboko, katika msukumano wa kupanda malori ya wakimbizi, mmoja akaingia hili na mwingine lile. Simu ya mdogo ilikuwa imeshaibiwa njiani. Baadaye jirani yangu aliweka tangazo kwenye makundi ya simu, lenye jina na kila kitu, na matapeli wakalidaka. Walimpigia wanawake wasiomjua, wakilia, "Dada, ni mimi." Kila mmoja alimvunja moyo upya. Akalifuta tangazo, akaapa kwamba jina la mdogo wake halitaonekana tena mbele ya watu asiowajua.

Ndipo siku moja akavuta kiti chake hadi mlangoni kwangu.

"Dada, tengenezea mimi ikoni yangu ya kuweka kwa ile kundi yetu kubwa," akasema. Kundi hilo la mashabiki lina watu wa Arua, wa Koboko, wa kambini, wa Juba, hata wa Kongo. "Kama ndugu yangu iko na simu, iko mule ndani. Akiona, atajua."

Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilimchagua bibi harusi akiwa dirishani, nusu ya uso kwenye kivuli, kulia pako wazi. Ilikuwa nzuri, nasema bila aibu. Jirani yangu akaitazama sana.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini hii hapana yetu."

Alichokitaka kilinichefua. Katika sehemu ya harusi kuna mahali bibi harusi anapiga chafya, chafya ya kweli, na waliotengeneza tamthilia waliiacha hivyohivyo. Nyumbani kwao, dada hao wawili waliifanya mchezo. Mkubwa alisimamisha picha kabla tu ya chafya, macho nusu yamefumba na pua imepanda. Kisha mdogo aliiachia na kuisimamisha baada tu ya chafya. Atakayecheka kwanza ndiye anayeosha vyombo. Jirani yangu alitaka ile ya kabla, tena yenye fremu ya kijani, kwa sababu televisheni yao ilikuwa imepasuka ukingo na waliizungushia tepu ya kijani.

"Lakini uso huu unatisha," nikamwambia. "Watu watasema ni kazi yangu."

"Mimi hapana taka watu. Mimi nataka mutu moja."

Nilikata, nikapaka kijani, na kwa ujanja wangu nikakipooza kidogo. Aligundua palepale. "Ile yetu ilikuwa naumiza macho," akasema. Nikakirudisha kiumize macho.

Kundini walimcheka mpaka wakachoka. Mmoja aliuliza kama bibi harusi amemeza inzi. Nilikasirika mimi kuliko yeye. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye cherehani, aliteremsha kidole juu ya ikoni za wanachama, moja baada ya nyingine, na nyuso zilikuwa nyingi kama watu wa siku ya soko. Mwezi ukaisha, na mwingine. Nilikuwa naogopa, nakiri. Niliogopa siku atakayoacha kuangalia, nikaanza kuangalia na mimi nikiwa nyumbani, na kwenye swala nikawa namtaja mdogo mtu ambaye sijawahi kumwona.

Mchana mmoja wa mvua alikuja kibandani ameshika simu, na mkono mwingine bado umeshika gauni la mteja lenye sindano. Alinionyesha tu.

Alikuwa bibi harusi yuleyule, baada ya chafya. Mdomo wazi, shela imeteleza sikioni, fremu ya kijani pande zote.

Moyo wangu uliruka, nikaukamata. Nilikuwa nimeona matapeli wa kutosha. "Taratibu, dada," nikamwambia. "Yeyote anaweza kuiga. Wameona ya kwako, wametafuta picha inayofuata."

"Angalia hapa chini."

Pembe ya chini, kushoto, fremu haikufika. Palikuwa na pengo. Mimi nikaona kazi mbovu, kama kawaida yangu. "Amekosea kupaka," nikasema.

"Hapana. Pale tepu ilikataa kushika. Kila siku ndugu yangu narudisha, kila siku tepu natoka. Hii mimi nilikuambia?"

Hakuniambia. Hakumwambia mtu yeyote. Pengo lile, ambalo mimi ningelijaza bila hata kufikiri, lilinitoa machozi.

Akabonyeza namba ya mwenye ikoni hiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo nikafunga mlango, akaweka spika. Simu ikapokelewa. Tulisikia pumzi, na najua kwamba huko nako walisikia zetu. Hakuna aliyethubutu kutaja jina. Jirani yangu alikuwa ameshaumizwa na majina, na huenda huko nako vilevile.

Jirani yangu akavuta hewa. "Haa," akasema. "Haaa... haaaa..." Akaishia hapo, pua imepanda, macho nusu yamefumba.

Na kutoka Aru, upande wa Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wa Vurra, kama tulivyokuja kujua baadaye, simu ikalipuka: "Chyaaa!"

Jirani yangu akaangua kicheko, kicheko na kilio pamoja, gauni la mteja likaanguka chini. Ile sauti ya upande wa pili ikasubiri atulie. Haikutulia yenyewe, ilikuwa inatetemeka, lakini ilisema kwa Kiarabu cha Juba, na niliielewa neno kwa neno:

"Umecheka kwanza. Vyombo ni vyako."