Kamba ya Katani Niliyoinyoosha

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sikumbuki kutembea kama watu. Shule niliishia darasa la pili, na si kwa ujinga, ni kwa mlima: sisi tulikaa juu, shule ilikuwa chini, na magongo hayaelewani na utelezi. Mnisamehe basi nikiandika kama ninavyosema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imeachia biashara. Mitumba imejaa sokoni, viwanda vya mjini vinapunguza watu, na wenye pesa kutoka Dar wanapanda mlimani kuulizia viwanja. Ndipo pakafunguliwa darasa la walemavu watu wazima pale Bigwa, kwenye ghala lililokuwa limefungwa. Utu uzimani nilikwishajua kushuka mlima na magongo. Asubuhi tulifundishwa ufundi. Mimi nilichukua viatu: kukata matairi, kutengeneza katambuga, kushona soli. Mchana lilikuwa somo waliloliita stadi za maisha, yaani kupika, kufua, kupanga vitu vyako, kutembea bila mtu wa kukushika. Sisi wanaume tuliliona ni la wanawake. Mwalimu akigeuka tu, tuko nyuma ya ghala tunacheza drafti. Na drafti nilikuwa hodari, walionifunga ni wachache na mmoja wao alikuwa mwizi wa kete.

Darasani alikuwamo dada mmoja kipofu, jirani yangu wa huko huko juu. Macho yalimharibikia akiwa mtu mzima. Yaliuma, yakafanya ukungu, yakaisha. Ulimi ndio haukuisha.

"Wewe kiguru," ananiambia, "umeachiwa macho ili utazame kete tu?"

"Umenionaje?"

"Nimesikia magongo yanatoroka."

Huyu dada alikuwa na jambo moja lililomshusha mlima kila siku. Mama yake alikuwa amefariki, na kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake. Ila mwenye kauli ni mjomba, na mjomba alikaa Turiani. Alituma neno: nitakuja masika yakianza. Nikikuta unajimudu, kaa kwako. Nikikuta hujimudu, nakuchukua ukae kwangu, na kiwanja kitapata mtu. Huyo mtu alikuwapo tayari, mmoja wa wale wa Dar, alikwishapita mara mbili, akasimama uani kwa yule dada akitazama bonde, hakumsalimu.

Masika ya nyuma yalikuwa yameng'oa nusu ya ua wake na kuupeleka korongoni. Njia ya kwenda chemchemi ikabaki inapita ukingoni kabisa, njia mpya asiyoizoea. Mwalimu akapanda naye, wakafunga kamba ya katani usawa wa kiuno, kutoka jikoni mpaka kwenye maji. Kamba ile ilikuwa na mafundo. Fundo moja, njia inapinda. Mawili, kuna ngazi. Matatu, simama, mbele hakuna ardhi, geukia mlimani. Hayo yalifundishwa mchana mmoja darasani, wote wakipapasa kamba, wenye macho na wasio na macho. Mimi siku hiyo nilikuwa nyuma ya ghala, nashinda drafti.

Siku ya mjomba kuja nilitangulia kwenda kumfagilia dada ua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mvua ya usiku ilikuwa bado inachuruzika. Yeye alikuwa jikoni anachochea maharage. Nikaiona ile kamba. Imelegea, ina mafundo mafundo, utadhani imefungwa na mtoto. Sasa fundi viatu hawezi kuvumilia fundo kwenye uzi, maana hapo ndipo soli inapoachia. Nikadhani ameunga vipande vilivyokatika. Nikaona haya kwa niaba yake, mjomba asije akacheka. Nikatoa msharasi wangu, ile sindano nene ya viatu, nikafungua fundo moja baada ya jingine, nikaivuta kamba, nikaifunga upya ikawa imenyooka kama waya wa simu. Sikumwambia. Nilitaka aikute mwenyewe afurahi.

Mjomba alifika na yule mtu wa Dar. Wakakaribishwa chakula. Mjomba akala, akaongeza.

"Ugali huu umesonga wewe?"

"Amesonga jini wa chemchemi, mjomba. Wewe kula."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, akimtazama mwenzake, "labda nilikuwa na haraka." Nawaambia kweli, saa ile nyumba ilikuwa ya dada.

Mjomba akaomba maji ya kunawa. Ndoo ilikuwa tupu. Nikajiinua.

"Kaa, kaka," dada akasema. "Mjomba hakupanda mlima kukutazama wewe."

Akaenda, ndoo kichwani, mkono kwenye kamba, mwendo wa kujionyesha. Ukungu ukammeza miguu. Nikauona mkono. Ulikwenda mbele, ukarudi, ukaenda tena, kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Hatua zikapungua. Ningeweza kuita. Nikadhani anashangaa jinsi kamba ilivyonyooka. Akapiga hatua moja nyingine.

Ndoo ilitangulia. Tuliisikia ikigonga mawe muda mrefu. Yeye alining'inia kwenye kamba, maana niliifunga vizuri, na wale wawili wakamvuta. Mkono ulikuwa umevunjika.

Alikaa kwenye tope akiipitisha kamba kwenye vidole vya mkono mzima, mbele na nyuma. Kisha akageuza uso upande wangu.

"Kaka, umekuwa hapa tangu asubuhi. Kamba yangu uliikuta hivi?"

Hapo nikaelewa. Na nikaelewa kwamba ananipa nafasi. Neno moja langu, na mjomba angejua kosa si la kipofu. Mjomba ananitazama, mtu wa Dar ananitazama. Nikaogopa kuambiwa nimetaka kuua.

"Niliikuta hivyo hivyo, dada," nikasema.

Akaiachia kamba.

Mjomba akaniambia jambo kama hili haliamui peke yake, na mimi nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo niende mbele ya ukoo nikaseme nilichosema pale. Nikaenda. Walikaa uani, akinamama mbele kama ilivyo kwetu, na yeye katikati yao, mkono umefungwa vipande vya mianzi. Nikasema tena, safari hii bila kukwama. Hakugeuza uso. Wakakubaliana aende Turiani na kiwanja kiuzwe.

Nilipokuwa natoka, mama mkubwa wa ukoo akanishukuru kwa kusema kweli, akanifungia ndizi za kuwapelekea wa nyumbani. Nikazipokea.