Kasi ya Kwenye Kibandiko

Kwa nini kompyuta yangu ilizimika ghafla kila mara, ilhali vipande vyote viwili vya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vilikuwa na kasi ileile kwenye vibandiko? Wajomba zangu wawili walinichangia kipande kimoja kimoja, cha kwanza kutoka Mandera, cha pili kutoka sokoni hapa Garissa. Nilivichomeka pamoja, nikaiweka mashine ifanye kazi kwa kasi iliyoandikwa.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na rekodi ya sauti ya marehemu ayeeyo, nyanya yangu, akitaja mababu zetu mmoja mmoja. Sikuwa na nakala nyingine.

"Abti, shahada yote hiyo na hii kitu inakushinda?" mjomba wa Garissa alinitania kwa lafudhi yake ya Kisomali; kwetu mjomba na mpwa huitana abti. "Bunguza kasi, basi!"

"Kibandiko kinasema inaweza," nilibisha. Kwa hofu, nikaihamishia sauti ile kwenye diski ya nje kabla mashine haijazimika tena. Haikuzimika. Nikashukuru.

Leo, baada ya jina la babu wa saba, rekodi hiyo hutoa mkwaruzo tu. Nilikuja kujifunza miaka baadaye kwamba vipande vya RAM visivyouzwa kama jozi huenda visitulie pamoja kwa kasi ya kibandiko, na kwamba RAM isiyotulia huweza kuharibu faili inayohamishwa, bila mashine kuzimika wala kutoa onyo.