Propela la Jumamosi

Fundi Taratibu, mwana wa Seremala Mkaidi, mjukuu wa bibi aliyejenga nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe: huyo ndiye aliyeifufua mashine ya kusaga iliyolala mtoni msimu mzima, ndiye aliyeteremsha jenereta la hospitali kwa kamba na magogo bila kulikwaruza. Mashine za watu zilitoka mikononi mwake zikinguruma. Ya kwake ndiyo iliyomvunja moyo.

Mashua yake ya tanga ilikuwa nchi kavu, imeegemezwa kwa magogo nyuma ya karakana. Alitaka kitu kimoja tu, airudishe majini kabla kifua hakijamshinda. Tanga peke yake lilitaka pumzi za kijana. Yeye alitegemea mashine iliyofungwa ndani yake. Alipolazwa alimwachia dadake mdogo agizo: kila Jumamosi aizungushe kwa mkono, isije ikashikana kwa kutu. Dada mtu alikuwa mshona mapazia, spana hajawahi kuishika, lakini hakukosa hata Jumamosi moja, iwe mvua iwe jua.

Fundi aliporudi, amekonda mpaka suruali inamkimbia, alipanda ngazi, akaingia ndani ya mashua, akatia spana kwenye nati kubwa ya mbele ya mashine. Akaning'inia kwa uzito wake wote. Wapi!

Akamwuliza dada alikuwa akizungushaje. Yule wala hakupanda ngazi. Alikwenda nyuma ya mashua, akalisukuma propela kwa kiganja, likazunguka kama feni.

"Lione," alisema. "Laini kuliko ulimi wako ulipokuwa ukimtongoza marehemu wifi."

Fundi aliutazama mkono wa gia. Ulikuwa huru, haukuiunganisha mashine na propela, vile vile alivyouacha mwenyewe. Miezi yote hiyo propela lilizunguka huko nje, na mashine ndani haikugeuka hata kidogo.

Ikabidi mashine itolewe. Alifungua boliti za miguu, akaitenganisha na shafti, ule mhimili wa kuzungusha propela, akatundika winchi ya mnyororo juu ya mlango wa mashua. Dada akavuta, yeye akiielekeza isigonge kingo. Kila mara alisimama kutafuta pumzi, na dada akamtania kwamba alipumua kama mashine yenyewe siku zake za uzima. Ilipotua chini akaifungua kichwa. Pistoni zilikuwa zimegandana na chuma kwa kutu nyekundu, na ukuta mmoja wa silinda umeliwa mpaka umetoboka. Hapo hapakuwa na la fundi tena. Na mashine ya namna ile haikuwa ikitengenezwa popote.

Dada aliuliza imekuwaje.

"Imezeeka," akajibu.

Basi Jumamosi asije tena? Fundi akaliangalia propela, na shafti yake isiyoshikana na kitu. Akampa kopo la grisi.

"Njoo. Shafti nayo hushika kutu. Hata nisipokuwepo, mdogo wangu, uendelee kuizungusha."