Kibao Chekundu cha Saa Sita

Duka la ushonaji la dada yangu lipo mjini, mtaa wa Isevya. Ukurasa wake wa mtandaoni upo chumbani kwangu, ambako nami nipo mara nyingi kuliko inavyofaa. Elimu yangu ni kidato cha nne na video za kujifunzia. Nilimshawishi dada wiki nzima kwamba wateja wa vijijini wasipoteze nauli: wafungue ukurasa, wakikuta kibao cha kijani, TUPO, waje, wakikuta chekundu, TUMEFUNGA, wabaki kwao. Rangi ingejibadilisha yenyewe kwa kufuata saa.

Ikajibadilisha.

"Mdogo wangu," dada alinipigia Jumanne mchana, "nimekaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, na ukurasa wako unasema nimefunga. Nimefunga nini?"

Nilikuwa nimelala. Chakula cha mchana kina haki zake. Kesho yake asubuhi nikafungua: kijani kama mchicha. Nikamwambia simu yake ndiyo mbovu.

Mchana akapiga tena. Chekundu.

Nikadhani tatizo ni rangi. Mtindo mmoja huweza kuufunika mwingine, kama koti juu ya shati, na mtu asilione shati. Basi nikalichambua faili la mitindo, lile linaloupa ukurasa rangi na sura, mstari kwa mstari nikitafuta koti. Nikakipa kibao jina jipya. Nikaifuta ile nyekundu yote, kibao kikabaki cheupe chenye maandishi meupe, hakisomeki kwa mtu wala jini. Nikairudisha. Kila nilipogusa kitu asubuhi kilikuwa kijani, nami nikajipongeza, nikala, nikalala. Dada akapiga.

Ijumaa hakupiga, alikuja mwenyewe. Mwanamke mmoja wa Goweko alikuwa amepita dukani na habari. Jirani yake, mama aliyeagiza gauni la komunyo ya kwanza ya binti yake, ametazama ukurasa siku tatu, kila mchana akitoka shamba, akakuta TUMEFUNGA. Amekata tamaa. Jumapili mtoto atavaa la kuazima la binamu yake, refu, la kufagia vumbi hadi altareni. Mleta habari mwenyewe alibaki mjini kuuguza mgonjwa, na dada hakuwa na namba ya yule mama.

"Gauni linaning'inia pale dukani, nimelipiga pasi mara mbili," dada alisema. "Haya, tengeneza mbele yangu."

Zilibaki dakika chache kufika saa sita. Kijani. Nikaanza kumwonyesha jinsi simu yake ilivyo mbovu. Kikageuka chekundu, kwenye kompyuta yangu, mbele ya macho yetu wawili.

"Ulikiandikia saa zipi?" dada aliuliza.

"Ulizoniambia. Unafungua saa mbili, unafunga saa kumi na mbili." Nikamwonyesha kwenye skripti, yale maagizo yanayobadili rangi: 2, na 12.

Kisha nikazisoma tena zile tarakimu. Kompyuta huhesabu saa tangu katikati ya usiku. Mbili yake ni saa nane za usiku. Kumi na mbili yake ni adhuhuri. Simu yangu huandika 08:00 kila asubuhi nami nasoma saa mbili bila kufikiri, kama kila mtu. Wakati wa kuandika nikaandika ninavyosema. Siku nne napaka ukuta rangi, kumbe saa ndiyo yenye kosa. Nikaweka 8 na 18. Kijani.

"Siku nne," dada alisema. "Vaa viatu."

"Vya nini?"

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu. Wewe utabeba gauni moja hadi Goweko, tena kwa basi."

Jumamosi nikawa Goweko, mfuko wa karatasi kifuani, nikiulizia nyumba kwa nyumba. Yule mama alikuwa anapanga majani ya tumbaku. Shikamoo yangu ilipokelewa na marahaba ndefu, ya mtu anayekukagua.

"Kumbe wewe ndiye unayetufungia duka?"

Kabla sijajitetea binti alishalivaa, na lilimkaa sawasawa. Nikaanza kueleza kwamba ukurasa sasa umepona, afungue aone kijani. Hakufungua.

"Mwanangu, nipe tu namba ya dada yako. Nitampigia."

Namba ipo ukurasani tangu siku ya kwanza, chini kabisa, kwa tarakimu ndogo za kijivu. Nilizipunguza mwenyewe, niliona kubwa zinaharibu sura. Nikaomba kalamu, nikamwandikia juu ya ule mfuko, tarakimu kubwa kama za namba ya lori.