Mama Aliyeipa Televisheni Mgongo

Mama yangu alitazama taarifa ya habari kwa masikio. Sitanii. Kila jioni alivuta kigoda chake akakiweka mbele ya kiti cha Baba, akaketi akiipa televisheni mgongo, kisha akaanza kumsimulia Baba yale yale yaliyokuwa yakisemwa nyuma yake. "Wanasema mafuta yamepanda tena. Wanasema mvua itachelewa. Na huyu naye anasema hakuiba, eti alisingiziwa." Baba alimtazama yeye, wala si televisheni, akawa anaitikia kwa kichwa. Sisi watoto tulikuwa tunapandwa na hasira. "Aki Mama, si sote tunasikia!" Alicheka tu, akaendelea. Tulimpa jina la mtangazaji wa pili, na hadi tunakua wakubwa tulikuwa bado tunamwita hivyo.

Nyumba yetu iko mwendo mfupi kutoka Dagoretti Corner, kwenye kipande cha shamba ambacho Baba alirithi kwa babake kabla magorofa hayajatuzunguka. Baba alikuwa fundi wa mbao. Karakana yake ilikuwa kando ya Ngong Road, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesimama kwenye mashine ya kupiga randa, ile inayolia mpaka meno yanakuuma. Mama alikuwa naye huko kutwa. Mteja akiuliza bei, Mama alimgeukia Baba: "Anauliza kabati la milango miwili ni ngapi." Utadhani mteja alikuwa amezungumza Kichina. Baba alijibu kwa lile lisauti lake kubwa, mteja akaenda zake ameridhika au amenuna. Mafundi wa jirani walisema mzee amekaliwa, hawezi hata kuulizwa swali bila mkewe kutia mdomo. Mama aliwasikia vizuri sana. Aliwamiminia chai, akawauliza habari za watoto.

Baba tulimjua kuwa mtu wa maneno machache. Hakupenda simu, simu yake ilikaa kwenye mfuko wa aproni ya Mama. Hakupenda mikutano. Kanisani Mama alimwekea kidole kwenye kitabu cha nyimbo, naye akafuata kidole hicho. Tulisema ni mapenzi ya kizamani, tukawaachia wenyewe.

Mama alipougua, mzigo ukawa wangu. Ndugu yangu mkubwa anakaa Lavington, ana kazi ya kusafiri safiri, na mimi ni karani katika ofisi moja mjini, sina mume, basi ikaamuliwa bila kusemwa kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Nafasi gani, jamani? Nilitoka nyumbani giza halijaisha, nikafanya kazi, saa ya chakula nikakimbia hospitalini na uji kwenye thamosi, jioni nikarudi huko tena, kisha nikaenda kumpikia Baba. Nilikuwa hoi. Wakati mwingine nilisinzia nimeegemea kitanda cha Mama, naye mgonjwa ndiye aliyenifunika na leso.

Jambo lililomsumbua hata akiwa na mpira wa oksijeni puani lilikuwa Baba. "Usiongee naye ukiwa jikoni," aliniambia. "Nenda mbele yake." Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba sisi tulilelewa, tunajua heshima. Akafumba macho. Nadhani alikuwa na mengi zaidi ya kusema, ila pumzi zilikuwa haba. Akafariki wiki hiyo hiyo, asubuhi, mimi nikiwa ndani ya lifti ya ofisi.

Kisha yakaja mambo ya matanga. Watu walijaa nyumbani kila jioni, kamati ikakaa, akina mama wa kanisa wakateka jikoni. Na hapo ndipo tulipoanza kuogopa. Mchungaji alimuuliza Baba, kwa upole, kama angependa mazishi yafanyike Alhamisi au Ijumaa. Baba akasema, "Asante. Mungu awabariki." Watu wakatazamana. Shangazi, dada yake Baba, akamuuliza kama amekula. "Asante. Mungu awabariki." Jirani akamwambia moto umeshika pazia la jikoni, na kweli ulikuwa umeshika, tulikuwa tunakimbia na ndoo. Baba akampa mkono. "Asante. Mungu awabariki." Shangazi akaangua kilio kule nje. "Ameenda na akili za ndugu yangu! Amezibeba zote!"

Tulimzika Mama nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi alioupanda yeye mwenyewe. Baba alikaa mstari wa mbele na koti lake la harusi za watu, akitazama chini. Tulisimama mmoja mmoja tukasema habari za Mama. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Baba hakucheka wala hakulia.

Baada ya hapo ndugu yangu alinipigia simu ofisini. Alisema Baba hawezi kuachwa peke yake, akili imeyumba, siku moja atawasha gesi asahau. Kwake kuna chumba nyuma, kizuri, na kijana wa bustani anaweza kumwangalia. Nyumba tutaifunga. Nilifikiria kaburi ambalo udongo wake haujashikana bado, na Baba anayetoka kila asubuhi na kikombe chake kwenda kusimama pale. Kumtoa pale ilikuwa kumnyang'anya nyumba na kaburi kwa mpigo mmoja. Lakini pia nilifikiria miguu yangu iliyochoka. Nikamwambia ndugu yangu sawa.

Tukakutana Jumamosi tumwambie: mimi, ndugu yangu, na Shangazi aje awe shahidi. Niliandaa chai, nikagawa mikate, na nilipotafuta pa kukaa nikakuta ndugu yangu ametandaza makaratasi na koti lake kwenye sofa. Sikuwa na nguvu hata za kumwambia aondoe. Kigoda cha Mama kilikuwa palepale mbele ya kiti cha Baba. Tangu afariki hakuna aliyekigusa. Nikajitupa juu yake.

Ndugu yangu alizungumza akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Baba, tumeonelea ni vyema ukakae kwangu. Hapa tutafunga. Umekubali?"

"Asante," Baba akasema. "Mungu awabariki."

"Mnaona? Amekubali."

Sijui ni nini kilichonipanda. Labda ni zile funguo alizokuwa akizichezesha. Nilimkazia Baba macho, nikamwambia neno kwa neno, kama mtu anayemfokea mtoto: "Baba! Anasema uhame. Uache nyumba hii, uende ukakae Lavington."

Baba alikuwa akiutazama mdomo wangu. Nilimwona akiutazama vile alivyomtazama Mama kila jioni ya maisha yetu, na uso wake ukabadilika mbele yangu.

"Nani anahama?"

"Wewe."

"Lavington niende kufanya nini?" Sauti yake ilijaa nyumba. "Na mama yenu pale nje namwachia nani?"

Shangazi aliweka kikombe chini. Mimi nilijifunika mdomo kwa kiganja, nikamuuliza Baba kama aongezewe chai. Alikaa tu, ananingoja. Nikaondoa kiganja, nikauliza tena. "Nusu kikombe," akasema. "Na usinijazie sukari kama jana."

Lo! Nikamuuliza tangu lini. Akanyoosha kidole kwa ndugu yangu. Tangu huyo hajaanza shule, akasema. Mashine ilianza kwa kumwibia sikio moja, halafu ikachukua na la pili, akabaki na ngurumo tu. Fundi kiziwi hapewi kazi. Watu wangesema atakatwa vidole, au wangemdanganya vipimo. Mama ndiye aliyesema wasimwambie mtu. Watoto nao wana midomo, wasiambiwe. "Halafu mkakua," akasema, "na sisi tulikuwa tumeshazoea."

"Haiya! Baba, mbona hukusema?" ndugu yangu akalia kutoka mlangoni.

Baba aliendelea kunitazama mimi.

"Anauliza mbona hukusema."

Nilijisikia mwenyewe. Shangazi naye alinisikia, akaanza kucheka na kulia pamoja, leso kinywani. Ndugu yangu alikuja akapiga magoti kando yangu, pale ambapo Baba angemwona, akamwambia polepole kwamba hakuna anayehama. Sasa anatafuta daktari wa masikio, na kila mtu anatumwa kuuliza. Ni mtu mwema akiwekwa mbele ya jambo.

Walipoondoka niliinuka nikaoshe vyombo. Kulikuwa na rundo. Baba akanishika mkono.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Siku ile ya mazishi mlisimama mkasema sana. Nikaona watu wanacheka. Nikaona wewe unalia mpaka unashikwa. Mlikuwa mnasema nini?"

Nilitaka kumwambia kesho. Macho yalikuwa yananifunga yenyewe. Lakini alikuwa amejisogeza hadi ukingoni mwa kiti, viganja juu ya magoti, mtu aliyekaa mazishi ya mkewe mwanzo hadi mwisho asipate neno hata moja. Basi nikaanza. Nikamwambia mchungaji alivyosema Mama hakukosa ibada hata mvua ikinyesha. Nikamwambia mafundi wa Ngong Road walisema chai yake ndiyo iliyowafikisha mwisho wa mwezi. Nikamwambia mimi nilisema alinifunika na leso wakati yeye ndiye mgonjwa. Baba aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Halafu nikafika pale ambapo umati wote ulicheka, maana ndugu yangu alisema Mama alipenda kuongea, na kwamba huko aliko malaika hawapati nafasi ya kutia neno.

Baba hakucheka.

"Nani alisema alipenda kuongea?"

"Sote, Baba. Si alikuwa haachi?"

Akatikisa kichwa. "Nilipomuoa, ungekaa na mama yako kutwa nzima asitoe neno. Kwao walimwita bubu. Wazee wangu waliniuliza kama msichana yuko sawa. Kuongea alijifunza kwa ajili yangu. Mwanzoni alikuwa akimaliza siku anashika koo, anaumwa."

Nililia basi, kilio ambacho sikukilia kaburini. Yeye akangoja. Niliponyamaza, alikuwa bado ananitazama mdomo.

"Endelea," akasema. "Halafu mkasema nini?"

Nikakivuta kigoda karibu zaidi, nikaendelea.