Kipande cha Nyama Kilichozikwa Nyangwe

Msomaji wangu, mtangazaji wetu wa Kasongo amefariki. Redio ileile aliyoitumia kutusomea vifo vya wenzetu imesoma kifo chake kwa sauti ya mtu mwingine, nami nikakasirika kabisa. Miaka yote nilimwonea kijicho. Mimi nikiandika ukurasa mzima, watu huguna tu. Yeye akisoma tangazo la mbuzi aliyepotea, soko zima linanyamaza! Lakini wivu nilio nao leo si huo, na huu unauma zaidi.

Shemeji yake anaishi Ulaya, naye aliota uvimbe kooni, saratani kama iliyomuua mtangazaji wetu. Huko walimkata kipande cha nyama, wakapima alama za molekuli, zile dalili zilizojificha ndani ya chembe za uvimbe, wakamwambia: wako ni wa aina ambayo mara nyingi hukubali matibabu. Hawakumwahidi kupona. Walimwambia ategemee nini, akachagua tiba akijua. Sasa anatutumia picha anakula mkate. Namwonea wivu, tena wivu mbaya, mpaka picha zake sizifungui.

Ndugu yetu mtangazaji naye alikatwa kipande. Daktari akamkabidhi yaya wake, dada yake mkubwa, kichupa, akamwambia kipelekwe maabara ya mbali, basi, akageukia mgonjwa mwingine. Kwao kinachokatwa mwilini huzikwa nyumbani. Yaya akakibeba hadi Nyangwe, akakizika nyuma ya nyumba ya wazazi. "Mwili wa mutu hautembezwe mu chupa," alituambia. "Iko na udongo wake." Waliporudi hospitali kukata kingine, uvimbe ulikuwa umeziba koo, madaktari wakaogopa kumgusa. Mgonjwa akaniuliza kwa mnong'ono, "Sasa yangu iko ya aina gani?" Mimi mwenye maneno mengi nikamjibu sijui.

Matangani nilikaa karibu na yaya, nimemnunia. Akaniambia mwenyewe: "Baba, hakuna mutu aliniambia ile nyama iko na habari ndani. Nilizani wataitupa. Kama wangeniambia, ningeipeleka mimi mwenyewe, hata kwa miguu." Hasira ikanitoka, wivu ukabaki. Shemeji wa Ulaya alikalishwa kitini akaelezwa. Ninachokitamani zaidi ni kile kiti. Mashine za kupima tutazisubiri, sawa. Lakini kumweleza mtu kwa Kiswahili chake kwa nini nyama ya mdogo wake inaondoka, hilo halihitaji kuagizwa kutoka popote.